Wewe Unayewajengea Wengine Tovuti, Yako Iko Wapi?

Kazi nyingi tunazozifanya sisi watengeneza tovuti wa Mombasa hazionekani. Namjua mmoja aliyeijengea kampuni ya mawakala wa forodha mfumo mzima wa kufuatilia kontena, tangu linaposhushwa Kilindini mpaka linapotoka getini. Mfumo huo hutumiwa kila siku na watu wa ofisi moja, basi. Mwingine alitengeneza tovuti ya hoteli kule Diani, akahangaika nayo mpaka ikawa safi. Hoteli ikauzwa, mwenye mali mpya akaja na watu wake, tovuti ikafutwa. Wateja wadogo ndio usiseme. Mwaka wa kwanza mtu analipia domeini kwa furaha, wa pili mpaka akumbushwe, wa tatu hapokei simu. Jina linaachwa, linanunuliwa na asiyejulikana, na pale ulipokuwa umeweka picha za pweza wa nazi na orodha ya bei sasa pana matangazo ya kamari.

Mchonga milango wa Mji wa Kale kazi yake iko barabarani, kila apitaye aione, hata mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Yetu iko nyuma ya nenosiri. Ndiyo maana kila kijana wa fani hii ninayekutana naye namwambia jambo lile lile: jenga tovuti yako mwenyewe, kwa jina lako, na uandike humo namna unavyofanya kazi. Wengi hunisikiliza kwa adabu, kisha wanakwenda kuwajengea wengine.

Kuna kijana aliyesoma pale Tudor aliniletea CV yake nimpitishie macho. Tulikaa nje, kahawa mezani, naye hakuwa na raha.

"Kaka, kila ninapoomba kazi wananiambia niwaonyeshe nilichofanya," alisema. "Nimeandika hapa lugha na zana za programu ninazozijua: PHP, Laravel, JavaScript. Hawatosheki."

"Si ulifanya mfumo wa karo wa ile madrasa?"

"Uko ndani, kaka. Bila nenosiri la ustadh huoni kitu."

"Na tovuti ya boti za Wasini?"

"Mwenyewe hakulipia. Imezimwa."

Nikamwomba anieleze ule mfumo wa madrasa unafanyaje mzazi mwenye watoto watatu anapotuma pesa zote kwa mara moja kwa M-Pesa. Hapo akageuka mtu mwingine. Alichukua kalamu yangu, akaigeuza ile CV, akaanza kuchora mgongoni mwake. Akanieleza kwamba mwanzo alifikiri kila malipo yaende kwa mtoto mmoja mmoja, lakini alipokaa na ustadh akaona wazazi hawafikiri hivyo; mzazi hutuma alichonacho, kwa ajili ya wote. Kwa hiyo pesa huingia kwanza kwenye akaunti ya familia, kisha mfumo hulipa deni kongwe kabla ya deni jipya, bila kujali ni la mtoto yupi. Mzazi akikosea nambari ya akaunti, malipo hayakataliwi; huwekwa kwenye orodha ya pesa zisizo na mwenyewe, na ustadh akifungua asubuhi huona jina la aliyetuma na kuyapeleka panapostahili. Na kila ustadh anapohamisha malipo, mfumo huandika nani kahamisha, lini, kutoka wapi kwenda wapi, maana pesa za madrasa ni amana na siku moja kamati itauliza.

Nilimsikiliza mpaka kahawa ikapoa. Kisha nikamwambia ageuze ile karatasi. Upande wa mbele, pale panaposomwa na mwajiri, hakuna hata neno moja katika hayo. Pameandikwa PHP, Laravel, JavaScript, kama zilivyoandikwa kwenye CV za wenzake wote wa darasa.

Angeyaandika yale aliyonieleza, ukurasa mmoja tu, na kuuweka mahali penye jina lake, mwajiri asingehitaji nenosiri la mtu. Anayesoma maelezo hayo anajua papo hapo kwamba huyu amewahi kukaa na mteja, akamsikiliza, akabadilisha mawazo kwa sababu ya alichosikia. Picha ya skrini haiwezi kuonyesha hilo, na cheti pia hakiwezi. Jina la madrasa si lazima litajwe. Muombe ruhusa mwenye kazi, ondoa majina ya wazazi na nambari za simu, na usithubutu kuweka hadharani ufunguo wala nenosiri la mteja. Kinachobaki ni fikra zako, na hizo ni mali yako.

Wapo watakaoniambia kwamba chema chajiuza. Naipenda methali hiyo, lakini ilisemwa na watu waliokuwa wakiuza vitu vinavyoonekana sokoni. Chema kilichofungiwa ndani ya ofisi ya mtu kitajiuza vipi?

Sasa nichukue jambo moja ambalo kila mtengeneza tovuti wa Kenya hukutana nalo, ili ionekane ni ujuzi wa namna gani tunaoupoteza kila siku. Mteja anataka mnunuzi abonyeze kitufe, simu yake iulize PIN, alipe. Safaricom walifungua Daraja, lango la kuunganisha mifumo ya watu na M-Pesa, mwaka 2017 kwa ajili ya kazi hizo, na maelezo rasmi yapo kwa Kiingereza. Unayasoma, unaandika msimbo, haufanyi kazi. Nambari ya simu lazima ianze na 254, wala si 07 kama wateja wanavyoandika, kwa hiyo ni wewe wa kuigeuza. Nenosiri la ombi hutengenezwa kwa kuunganisha nambari ya Paybill, ufunguo uliopewa na saa ya wakati huo iliyoandikwa mfululizo kuanzia mwaka hadi sekunde, kisha vyote vikageuzwa kwa base64, namna ya kuandika data kwa herufi na tarakimu za kawaida. Saa hiyo hiyo lazima uitume tena ndani ya ombi. Ukiichukua mara mbili na sekunde ikaruka katikati, nenosiri halilingani tena na saa uliyoituma. Hitilafu ya namna hiyo hutokea mara moja moja, ndiyo maana inatesa.

Halafu kuna lile ninalolihesabu kuwa kubwa kuliko yote. Ukituma ombi, Daraja hujibu mara moja kwa msimbo 0. Anayeanza huona sifuri akafurahi, akaandika kwenye hifadhidata kwamba mteja amelipa. Hajalipa. Sifuri hiyo ya kwanza inasema tu kwamba ombi limepokelewa na simu ya mnunuzi inaulizwa PIN. Habari ya malipo yenyewe huja baadaye, kwenye anwani ya tovuti yako uliyowapa, na humo ndani kuna msimbo wa pili. Huo ukiwa 0, pesa imeingia. Ukiwa 1, salio halikutosha. Ukiwa 1032, mnunuzi ameghairi. Ukiwa 1037, simu yake haikupatikana au hakujibu. Na anwani hiyo lazima ifikike kutoka nje, kwa https. Laptopu yako iliyoko nyumbani Bamburi haitapokea kitu mpaka uitafutie njia. Tena wakati mwingine habari hiyo haifiki kabisa, kwa hiyo mfumo wako uwe na njia ya kuuliza wenyewe muamala umefikia wapi, usikae kungoja.

Haya yote yamejibiwa mara nyingi sana kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Mtu anauliza saa tano usiku, msamaria mwema anamjibu, aya ndefu nzuri yenye mfano. Wiki ijayo mwingine anauliza lile lile, na jibu limeshazama chini ya salamu za Ijumaa na matangazo ya nyumba za kupanga. Google haiingii humo. Aliyeko Kilifi ambaye si mwanachama wa kundi hatalipata kamwe. Yule msamaria amefanya kazi ya kuandika, tena ameiandika vizuri, ila ameiweka pasipopatikana. Angeiandika kwenye tovuti yake, usiku mwingine angetuma kiungo akalala.

Utasema basi aiandike Facebook au LinkedIn, kwenye watu. Tuma kiungo huko, sawa, lakini maandishi yenyewe yakae kwako. Historia ya intaneti imejaa mitaa iliyobomolewa na wenye nyumba. GeoCities ilikuwa na kurasa za mamilioni ya watu wa kawaida; Yahoo waliinunua mwaka 1999 na kuifunga mwaka 2009. Google+ ilifunguliwa 2011, ikafungwa 2019. Mwaka huo huo wa 2019 MySpace walikiri kwamba picha, video na nyimbo zilizokuwa zimepakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Hizo zilikuwa kampuni kubwa zenye pesa na mafundi. Kwa upande wa pili, ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, ule Tim Berners-Lee alioutengeneza huko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, wenyewe wa kituo wameurudisha mahali pake, na unafunguka kwenye simu ya leo bila taabu, kwa sababu ni HTML tupu, lugha ya msingi ya kuandikia kurasa za wavuti. Sisi ndio watu wachache tunaojua kutengeneza kitu cha namna hiyo. Kwamba hata sisi tunaandika kwenye viwanja vya watu tu, hilo linanisikitisha kweli.

Na nchi hii ina mfano ambao ningetaka kila mwanafunzi wa kompyuta aujue. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilipozuka, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu hawakujua kinachoendelea mtaa wa pili. Ory Okolloh, mwanasheria, alikuwa na blogu yake iitwayo Kenyan Pundit, na wasomaji wakaanza kumletea habari za waliyoyaona. Mwanzoni mwa Januari 2008 aliandika hapo akiuliza kama wapo wajuzi wa teknolojia wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Waliomwitikia nao walikuwa watu wenye kurasa zao: Erik Hersman wa White African, Juliana Rotich wa Afromusing, na David Kobia aliyekuwa akiendesha jukwaa la Mashada. Walikuwa wametawanyika nchi mbalimbali. Katika siku chache ramani hiyo, waliyoiita Ushahidi, ikawa hewani, na miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010.

Ninalolisisitiza katika habari hiyo ni yaliyotangulia. Watu wale hawakuanza kuandika siku ya ghasia. Walikuwa wameandika kwa muda, kila mmoja kwake, kwa hiyo kila mmoja alikuwa anajua mwenzake anafikiri nini na anaweza nini. Siku ya dhiki ilipofika hapakuwa na haja ya kutafutana. Hapa Mombasa tuna mafundi hodari mno, tunakutana Swahilipot, kituo cha vijana wa teknolojia na sanaa pale karibu na Fort Jesus, tunasalimiana, lakini waulize wawili watatu mwenzao anafanya kazi gani hasa, utaona wanababaika. Nyaya za baharini zilizoiondoa Kenya kwenye utegemezi wa setilaiti, SEACOM na TEAMS, zilitua hapa hapa kwetu mwaka 2009. Intaneti ya nchi nzima inapita miguuni mwetu, na tulichokiandika sisi kikaingia humo ni kidogo.

Sasa suala la lugha. Andika kwa Kiswahili. Kama unataka pia Kiingereza, andika vyote viwili, hakuna anayekuzuia, lakini usikiache Kiswahili kwa kudhani kwamba mambo ya kompyuta hayasemeki. Tunayasema kutwa nzima ofisini, tukichanganya na kukopa tunapohitaji. Makala za Kiingereza za jinsi ya kupanga safu kwa CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, ni nyingi mno, yako itazama humo. Makala ya Kiswahili inayoeleza Daraja hatua kwa hatua itakuwa na washindani wachache, na msomaji wake atakuwa mtu wa Mombasa, wa Tanga, wa Zanzibar, wa Bukavu, ambaye amehangaika na maelezo ya Kiingereza mpaka akachoka.

Hapo kuna jambo dogo ambalo karibu kila tovuti ya Kiswahili ninayofungua imelisahau. Mstari mmoja ulio juu ya msimbo wa ukurasa hueleza lugha ya maandishi, na violezo vingi huja vimeshaandikwa lang="en". Mtu anabadilisha maneno yote, ule mstari anauacha. Asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea skrini, husomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na haelewi hata sentensi moja. Kivinjari nacho kinachanganyikiwa wakati wa kutafsiri. Herufi mbili tu, lang="sw", zinatosha. Kwenye tovuti ya mteja hupati muda wa kuona mambo kama hayo, unakimbizana na tarehe. Kwenye yako unayaona, unayarekebisha, na ukirudi kwa mteja unakwenda nayo.

Vivyo hivyo kwa mambo ya seva. Kwenye kampuni kuna mtu wa kushughulikia rekodi za DNS, zile zinazoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake, wewe hugusi. Kwako utajifunza rekodi ya A ni nini na CNAME ni nini, kwa nini barua pepe zinaenda kwenye taka, namna ya kupata cheti cha usalama bure kutoka Let's Encrypt na kukifanya kijihuishe chenyewe.

Gharama haipaswi kumzuia mtu. GitHub Pages huhifadhi kurasa za kawaida bila malipo, na unaweza kuunganisha jina lako mwenyewe. Jina hilo ndilo la kulipia, kwa mwaka. KeNIC, wasimamizi wa majina yanayoishia na .ke, wanalo .me.ke lililokusudiwa watu binafsi, mbali na .co.ke iliyozoeleka. Ukishindwa kwa sasa, anza na jina la bure, lakini hifadhi maandishi yako kama faili za kawaida kwenye mashine yako, ili siku ukihama uhame nayo yote.

Kinachowaua wengi ni kuchagua vifaa. Hugo au Jekyll, WordPress au Astro, rangi gani, na hali ya giza iweje. Mtu anajenga upya tovuti yake kila Ramadhani na haijawahi kuwa na makala hata moja. Chagua unachokijua. Kama hujui chochote, andika HTML kwa mkono, faili moja, na iwe nyepesi. Makala yenye maandishi matupu ni kilobaiti chache. Ukiongeza fonti za mapambo, maktaba tatu za JavaScript na picha isiyopunguzwa, umemtumia msomaji megabaiti kadhaa. Msomaji wako yumo kwenye feri ya Likoni, ana bando la siku, na mtandao unakatika katikati ya maji. Tovuti inayofunguka hapo inamwambia mengi juu yako kabla hajasoma neno.

Usisahau tarehe. Kila makala ya kiufundi itaje siku iliyoandikwa na toleo la programu uliyotumia, maana mambo hubadilika, na hakuna kinachoudhi kama kufuata maelezo ya zamani ukidhani ni ya jana. Weka pia RSS. Ni faili moja yenye orodha ya makala zako, na humwezesha msomaji kukufuata bila kampuni yoyote kukaa katikati na kuamua aone nini.

"Nani atasoma?" Hilo naulizwa kila mara, na jibu langu huwa halivutii: mwanzoni utasoma wewe. Mwaka ujao utapata mteja mwenye tatizo lile lile, utakuwa umesahau ulivyolitatua, utatafuta, na utakuta maandishi yako. Hiyo peke yake inalipa. Baadaye atakuja mmoja, kisha mwingine, wote wakiwa wamekwama palepale ulipokwama. Wala huhitaji kuwa bingwa. Bingwa amekwisha kusahau kinachomsumbua anayeanza. Wewe uliyelitatua jana bado unakumbuka kila kichochoro ulichopitia.

Mimi nina orodha ya mambo ninayotamani kuyasoma kutoka kwa watu wa mji huu. Wale mliotengeneza fomu za kuagiza usafiri au boti: mteja akiandika "saa tatu", mfumo wenu unajuaje kama ni saa tatu yetu ya asubuhi, ambayo kompyuta inaiita 9:00, au ni mtalii aliyemaanisha saa ya kompyuta? Mnauliza tena, mnaweka asubuhi na usiku wachague, au mnamwachia karani apige simu? Wale mliofanya mifumo ya makontena: mnafanyaje mtandao wa bandarini ukikatika na karani ameshaandika nusu ya fomu? Na wale mliojenga tovuti za misikiti: JavaScript ina kalenda ya Umm al-Qura, ile ya Saudia, ndani yake, lakini hiyo imepigwa hesabu mapema, na hapa kwetu wako wanaofuata mwezi wa hapa na wako wanaofuata mwezi popote ulipoandama. Usiku wa tarehe 29, tovuti inaandika nini pale juu, nani ana ruhusa ya kuisogeza siku moja, na aliyekwisha kuona tarehe ya jana kwenye simu yake mnamfikishiaje mabadiliko? Najua wapo waliokwisha kulitatua hili hapa hapa kisiwani, kwa sababu nimeziona tovuti zao zikifanya kazi. Nataka kusoma walivyofanya.